Jibu Tulilolifunga kwa Katani

Kabla sijaoa, ng'ombe wa baba yangu mdogo alitumbukia kwenye shimo la kuchimbia udongo wa matofali, huko Mshangano. Alikuwa mweusi, mwenye mimba kubwa, na shimo lilimzidi kimo. Watu walijaa. Wa kwanza akasema tumfunge kamba tuvute. Tukavuta, kamba ikakatika, wanaume sita tukaanguka chali, ng'ombe akatutazama. Wa pili akasema tujaze maji shimoni ili ng'ombe aelee mpaka juu. Huyo alikuwa katekista, kwa hiyo hatukumcheka mbele yake. Wa tatu akasema tumchinje humo humo tugawane nyama, na huyo alikuwa amekuja na kisu kabisa.

Palikuwa na mgeni mmoja, mtu aliyekuja kununua mbegu ya mahindi, wala hakuna aliyemjua. Alizunguka shimo mara moja. Akaomba jembe. Akaanza kuchimba, siyo shimoni, bali hatua kama nane pembeni, akishuka kidogo kidogo kuelekea alipo ng'ombe. Tulidhani amechanganyikiwa. Jua lilipoanza kupoa, kile kijia kikakutana na shimo, na ng'ombe akapanda mwenyewe taratibu kama mtu anayetoka kupokea komunyo. Mgeni akanywa togwa kata moja, akabeba mbegu zake, akaondoka.

Nimemfikiria mtu yule miaka mingi. Siyo kwa ajili ya ng'ombe, ng'ombe tulikuja kumla Krismasi. Ni ile namna alivyolitazama jambo ambalo sisi wote tulikuwa tunalitazama, akaliona, sisi tusilione. Watu wa namna hiyo nimekutana nao wawili tu maishani. Wa pili ndiye nataka kuwaandikia habari zake ninyi vijana mlioachiwa meza ya magazeti pale stendi ya Songea, maana mmeniuliza mara nyingi kile kioo chini ya meza ni cha nini.

Mwandiko mtauvumilia. Nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe nusu, nusu nyingine nilikuwa nachunga. Kuhusu vyeo sina la kusema: nilianza muuza magazeti, nimemaliza muuza magazeti.

Nilianza miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kuingia kwa marobota na kila mtu akawa na koti la Mzungu aliyefariki, ndivyo tulivyoamini. Magazeti kabla ya hapo yalikuwa mawili, tena unayajua yatasema nini kabla hujayafungua. Mara yakawa matano, mara nane, kila tajiri na gazeti lake. Siku yangu ya kwanza niliyapanga mezani vizuri kama vitenge, upepo wa saa nne ukaja ukayatandaza mpaka kwenye choo cha stendi. Nikajifunza mawe. Kila gazeti na jiwe lake, na jiwe lisikae juu ya picha ya mtu mkubwa, siyo kwa heshima, ila ndiyo picha inayouza. Nikajifunza pia kumtambua msomaji na mnunuzi. Mnunuzi anaingiza mkono mfukoni kwanza, ndipo anainama. Msomaji anainama kwanza, na mikono ameifunga nyuma.

Gazeti la Dar es Salaam lilitufikia siku ya pili yake, alasiri, juu ya kichwa cha basi pamoja na magodoro na vifaranga. La Jumatatu tulilipata Jumanne. Kwa hiyo Songea tuliishi siku moja nyuma ya nchi, na hatukuona tabu, maana wote tulikuwa nyuma pamoja.

Sasa nifike kwenye fumbo. Gazeti moja lilikuwa na lile fumbo la maneno, vyumba vyeupe na vyeusi, maelezo ya kulia na maelezo ya chini, na majibu yake yanatoka kwenye gazeti la kesho. Mimi nilishikwa nalo kama mtu anavyoshikwa na ugoro. Mtu wa darasa la nne! Labda ndiyo sababu. Kila chumba nilichokijaza niliona kama nimerudi shule kwa mlango wa nyuma.

Shida ilikuwa wakala. Magazeti yasiyouzwa yalirudishwa kwake, na alitaka yarudi safi. Alama moja ya kalamu, linahesabika limenunuliwa na wewe. Mwezi wa kwanza nilijikuta msomaji mkubwa kuliko mkuu wa mkoa. Ndipo nilipopata akili ya kioo. Nyumbani tulikuwa na picha yetu ya ndoa kwenye fremu. Nikatoa kioo, nikakilaza juu ya fumbo, nikawa naandika juu ya kioo, chini gazeti linabaki bikira. Cha kuandikia nilitumia wanja wa mke wangu, maana kalamu haishiki kwenye kioo.

Mama Otmari, ndiye mke wangu, alinitazama siku tatu. Ya nne akasema, "Baba Otmari, uso wangu pale ukutani unaliwa na mende, na wanja wangu unakwisha bila mimi kupaka. Huyo mwanamke anaitwa nani?"

Nikamwambia anaitwa Fumbo.

"Na hana aibu," akasema, "kutumia vitu vya mwenzake mchana kweupe."

Jirani yangu pale mezani alikuwa Issa, fundi viatu kutoka Tunduru, Mwislamu safi, mwenye mdomo kuliko sindano zake. Yeye ndiye alinisaidia mwanzo. Maneno ya dini na ya pwani alikuwa nayo, ya mnyama na mmea nilikuwa nayo mimi, na abiria wanaosubiri basi walitupa moja moja. Lakini wote pamoja hatukuwahi kulimaliza. Vilibaki vyumba kumi, kumi na tano. Kesho yake tunaangalia majibu, tunasema "Aa, kumbe!" kama wajinga, tunafuta kioo kwa kitambaa.

Alasiri moja akaja mtu mrefu, shati jeupe limefuliwa mpaka linaonyesha upande wa pili, mikono nyuma. Msomaji, nikajua. Akatusikiliza tukibishana juu ya mhunzi: kitu ambacho mhunzi hupigia chuma juu yake, vyumba vitano. Issa anasema jiwe. Mimi nahesabu, jiwe ni vinne.

"Fuawe," akasema yule mtu.

"Fua nini?" akauliza Issa.

"Fuawe. Nilikuwa nazo mbili stoo. Moja aliazima mtu wa karakana."

Nikaandika. Ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Akaniuliza kama anaweza kujaribu mengine. Nikampa wanja. Akautazama ule wanja, akanitazama mimi, akarudisha, akatoa mfukoni penseli nyekundu ya nta, zile za kuandikia alama kwenye madebe. Hakuanza na namba moja. Alianza kona ya chini mkono wa kulia, akaja akipanda. Basi la Mbeya lilikuwa linapakia. Kabla halijafunga mlango, kioo kilikuwa kimejaa.

Mnielewe vijana. Nimeona watu wakitembea juu ya makaa kwenye maonyesho. Nimeona daktari akimtoa mtoto mwiba wa samaki kooni. Sijaona kitu kama mkono ule ukipita kwenye vyumba bila kusimama. Issa alisahau sindano ndani ya soli aliyokuwa anaishona.

Jina lake Longino Mbawala. Alikuwa mtunza stoo wa ushirika mmoja ambao ulikufa kama ulivyokufa mwingine na mwingine. Sisi tulimwita Bwana Stoo. Nilipomsalimu shikamoo aliitika marahaba bila kuniangalia, macho yako kwenye gazeti. Akaniambia, "Fumbo nimekumalizia. Sasa naomba nitazame ukurasa wa matangazo. Sitanunua, nakwambia mapema."

"Tazama tu, kaka."

Akasoma ule ukurasa wa zabuni, mashamba na waliopotea, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Alipofika chini akalikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akaaga, akaenda. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa. Fumbo kwanza, matangazo baadaye. Wiki ya pili ndipo nikamuuliza anatafuta nini.

"Jina la Gaudensia."

Ni binti yake wa pekee, mama yake alishafariki. Amemaliza kidato cha nne, ameomba vyuo viwili vya uuguzi. Barua za kuitwa zilikuwa zinapotea njiani, wengine walizipata muhula umekwisha, kwa hiyo vyuo vilitoa majina gazetini. Lini, hakuna ajuaye. Aliyechelewa kuripoti nafasi yake anapewa mwingine. Na Bwana Stoo hakuwa na jambo lingine tena duniani. Stoo imefungwa, mafao hayajaja, shamba alilima la kuazima. Binti tu.

"Sasa kwa nini usisome matangazo kwanza?" nikamwambia. "Fumbo litakusubiri."

Akasema, "Mzee wa magazeti, mimi nimekaa stoo miaka kumi na tisa. Kitu hakitoki mpaka kitu kimeingia."

Alinifundisha mengi mtu yule, nami nawapa bure. Usianze pa kuanzia, anza pale unapoona maneno mafupi yamesongamana, ndipo palipo na uzito. Maneno yetu karibu yote huisha kwa irabu, basi weka kinukta kwenye kila chumba cha mwisho kabla hujaandika lolote. Usikisie neno kwa sababu unalipenda. Na usiweke neno kwa nguvu, likikataa liache, umekosea kwingine. Nilipomuuliza ameyatoa wapi maneno yote hayo alishangaa. Timazi ya waashi, randa ya seremala, pishi na kibaba, vyote vilipita mikononi mwake, na kila kilichoingia ilibidi akiandike jina. "Mtu akijaza fomu 'kile kidude cha kunyooshea ukuta'," alisema, "nilikuwa namrudisha akaulize kinaitwaje."

Watu wakaanza kuja kumtazama. Kuli, wauza mihogo, sista mmoja aliyekuwa akisubiri usafiri wa Hanga, hata askari wa stendi. Na hapo ndipo lilipozaliwa lile jambo letu la katani. Masika barabara ilikuwa inakatika, basi linalala njiani, magazeti ya siku mbili yanakuja kwa bunda moja. Maana yake fumbo na jibu lake vimefika pamoja! Siku ya kwanza mpiga debe mmoja alifunua la pili akasoma majibu kwa sauti, nusura apigwe. Tukapatana. Yakija mawili, la pili linafungwa kwa katani, mafundo matatu, na halifunguliwi, haliuzwi, halisomwi na yeyote mpaka Bwana Stoo amemaliza la kwanza. Kuna ofisa alikuja anataka habari za bajeti. Nikamwambia subiri, bado kumi na mbili chini. Akasubiri! Mji mzima ulikuwa unasubiri habari za nchi kwa ajili ya vyumba vitatu vyeupe. Wakala angejua angenila nyama.

Orodha ya chuo cha kwanza ilitoka mwezi wa tatu. Nililiona tangazo kabla yake, nikampisha. Alimaliza fumbo kwanza. Kidole kikashuka kwenye majina, herufi kwa herufi, kikafika chini. Kikarudi juu, kikashuka tena. Gaudensia hakuwemo.

Issa akasema taratibu, "Inshallah kile kingine, Bwana Stoo."

Akasema, "Kile kingine." Akakunja gazeti. Akaaga kama siku zote. Alipokwenda niliangalia fumbo lake juu ya kioo nikitafuta angalau kosa moja, mtu akiwa na moyo mzito si lazima akosee? Hakukuwa na kosa.

Ikaja ile wiki ya mvua kubwa. Jumanne hakuna basi. Jumatano hakuna basi. Bwana Stoo alikuja siku zote mbili, akasimama chini ya bati langu, maji yanamchuruzika, akatazama barabara. Jumatano aliniambia kimebaki chuo hicho cha pili tu, asipokuwemo ndiyo mwisho, na kwamba Gaudensia ameanza kwenda kuuza vitumbua, na kuna mtu wa makamo, mwenye mashine ya kusaga, ameleta habari za posa. "Binti anasema nimjibu ndiyo," akasema. "Anasema, 'Baba, nitakaa nyumbani kwako mpaka lini?' Nimemwomba mpaka Ijumaa."

Alhamisi saa tisa basi likaingia, matope mpaka kwenye vioo. Bunda moja: la Jumatatu, la Jumanne, la Jumatano. Magazeti matatu kwa siku moja! Watu walishangilia kama ni timu yetu. Issa akatoa katani. Nikafunga la Jumanne mafundo matatu, nikafunga la Jumatano mafundo matatu.

Halafu nikamtazama Bwana Stoo, nikajisikia mpumbavu mwenye kamba mkononi. Nikamwambia, "Kaka, leo tuache. Fungua yote, tazama matangazo."

Mpiga debe akasema, "Hee! Sheria ni sheria!" Issa akamwambia, "Nyamaza wewe, mtu ana mtoto."

Bwana Stoo akasema, "Leta la Jumatatu."

"Kaka, jamani."

"Nimesema leta. Nikifungua leo kwa sababu nina shida, basi zile siku nyingine nilikuwa nafanya nini hapa?"

Sikumwelewa. Leo nikiwaandikia bado sijui kama nimemwelewa. Nikalaza kioo.

La Jumatatu alilimaliza kuli hawajashusha magodoro. Ukurasa wa matangazo: mashamba, zabuni, hakuna. Akakata mafundo ya la Jumanne kwa kisu cha Issa. Hili halikuwa na mchezo, aliyelitunga alikuwa amedhamiria, maneno marefu yote, na watu wakaanza kumpigia kelele kusaidia. Hakusikia. Penseli ilikuwa inatembea kwenye kioo inalia kidogo, kii, kii. Wakati mwingine aliandika neno la chini kabla sijamaliza kumsomea maelezo yake. Nikaacha kusoma. Nilisimama tu na mdomo wazi mimi na watu kama thelathini, mvua inagonga bati. Akamaliza. Matangazo: hakuna.

Likabaki moja. Akakata mafundo mwenyewe. Nikafungua ukurasa wa fumbo, nikaweka kioo, na la Jumatano kwa bahati lilikuwa limepangwa vingine: fumbo limesukumwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto, ukurasa huo huo, majina yamejaa, herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Mimi niliyaona. Issa aliyaona. Yeye hakuangalia kushoto. Nawaapia. Alianza kona ya chini mkono wa kulia kama siku zote, akapanda. Nilimwona jasho likimtoka kwenye baridi ile. Nusu ikajaa. Robo tatu. Nikataka kusoma majina mwenyewe nimwambie, nikaona haya, kama mtu anayechungulia sahani ya mwenzake.

Likabaki neno moja, saba kulia, liko ubavuni kabisa mwa fumbo, mpaka wa mkono wa kushoto. Akasogeza penseli hapo. Macho yakafika pale penseli ilipofika, na yakapita mstari.

Akasimama hivyo.

"Mbawala Gaudensia L.," akasoma, siyo kwa sauti kubwa. Kisha akashuka mpaka chini ya orodha. "Kuripoti Jumamosi kabla ya saa sita." Akaniuliza, "Leo Alhamisi?"

"Alhamisi."

"Basi la alfajiri lipo?"

Askari wa stendi akasema lipo, barabara imefunguliwa, atamwekea binti kiti cha mbele yeye mwenyewe.

Watu wakalipuka. Issa alikuwa analia na kunitukana mimi, sijui kwa nini. Mpiga debe akawa anaruka na kiatu cha mteja mkononi. Bwana Stoo hakucheka wala hakulia. Alichomeka penseli nyuma ya sikio, akafunga kifungo cha juu cha shati, akageuka, watu wakampisha.

"Bwana Stoo!" akaita mpiga debe. "Saba kulia je?"

Hakugeuka.

"Bado neno moja, mzee! Vyumba vinne tu!"

Alikuwa ameshafika kwenye matope ya barabara. Gaudensia alisafiri alfajiri ile, hilo nililipata kwa askari, na miaka mitatu baadaye alinichoma sindano ya malaria mwenyewe, mkono mwepesi. Baba yake aliendelea kulima, si mbali, ukipanda baiskeli ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Kuna alasiri nyingi nilipowaambia watu wasifute kioo mapema, huenda akaja kulimalizia lile neno. Siku ile nilimtazama akivuka kwenye mvua, akapita wauza mitumba waliofunika marobota yao kwa nailoni, akashika njia ya Bombambili kwa mwendo ule ule wa kila siku, na hakurudi tena mezani kwangu.